Sare Hii Anaifua Nani

...tena Leanne amelisema kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi, Mama, tia na hiyo moja kwenye mashine, Bev ataipitia jioni airudishe wodini, halafu macho yakarudi kwenye simu, na Noreen amebaki amesimama hapo hapo, mlango wa mashine ya kufulia uko wazi mbele ya magoti yake kama mdomo wa mtoto anayesubiri kijiko, sare iko mkononi, bluu iliyochujuka mabegani, na mkono hautaki kwenda, mkono uliofua miaka sitini bila kuombwa leo umegeuka mti, na saa ya ukutani inasema saa sita kasoro robo, taksi imeitwa ije saa sita na nusu, kwa hiyo mashine ikiwashwa sasa itakuwa inazunguka wakati Leanne anavuka kizingiti na masanduku yake mawili, maji yanazunguka, povu linapiga kioo, na mtoto anatoka... la, siku nyingine yoyote, Jumatatu ataifua, Alhamisi ataifua mara mbili, leo hapana. "Mama, umenisikia?" "Nimekusikia, masikio yangu hukuyafungasha." Leanne akacheka puani, uso hakuuinua, kidole gumba kinapanda na kushuka kwenye kioo cha simu, kuna fomu anaijaza, ameikazania tangu chai ya asubuhi, ati serikali ya Mfalme inakurudishia sehemu ya kodi yako kama sare ya kazi unaifua nyumbani kwa sabuni yako, Bev ndiye aliyemwambia, Bev nesi mwenzake, ambaye anajua kila jambo siku moja baada ya kuhitajika, miaka kumi na saba huyu mtoto amekuwa nesi katika hospitali ile ile, miaka kumi na saba kila Jumamosi amekuja hapa na mfuko wa sare tano chafu akaondoka na mfuko wa sare tano safi, na hiyo fomu anaikumbuka leo, siku anayokwenda Australia, mtu anaihama nchi huku anaidai sabuni, "Ni haki yangu, Mama," "Sikusema si haki yako," "Umetoa ile sauti," "Sauti gani?" "Hiyo hiyo," na birika limechemka likajizima lenyewe na hakuna aliyelifuata, chai ya mwisho, nani atakuwa na haraka ya kuinywa chai ya mwisho, biskuti ziko kwenye sahani, Leanne amemega moja akaiacha, tangu utotoni anamega na kuacha, makombo yote mezani, kesho makombo hayo yatakuwa bado yapo, kama Noreen hatayafuta, na kwa nini ayafute...

"Wanauliza, mwajiri anakufulia sare? Hapana. Mwajiri ana mahali pa kufulia kazini? Hapana." Anasoma kwa sauti kama alivyokuwa akisoma kazi za shule, nusu kwa ajili ya mama yake na nusu kwa ajili ya kujisikia, "Je, sare unaifua mwenyewe? Ndiyo," na kidole kikagonga kioo, tap, hivyo tu, kwa urahisi ule, na Noreen akasema "Ndiyo?" "Nini?" "Umejibu ndiyo?" "Mama, usianze," "Sijaanza, nauliza, umemwambia Mfalme kwamba unafua mwenyewe," "Mfalme hasomi hizi, wanachotaka kujua ni kama hospitali inafua au haifui," "Wameuliza nani anafua," "Hawakuuliza nani, wameuliza kama..." "Hujui hata sabuni inaingia tundu gani," na hapo Leanne akainua uso kwa mara ya kwanza, akaitazama mashine, akafikiri, "La kushoto," "La kati," "Basi la kati, nitafungwa," akainamisha tena kichwa, na nywele zikaanguka mbele, shingo ikabaki wazi nyuma, ile shingo, ina kidoa kimoja cheusi chini ya mstari wa nywele, Noreen alikiona kabla mtoto mwenyewe hajajua ana shingo, kule Australia nani atajua kwamba kipo, jua la kule litakichoma, lazima amwambie apake mafuta, keshamwambia mara tatu, atamwambia tena mlangoni, hapana, mlangoni haendi.

Mfukoni mna kitu, vidole vinakagua mifuko vyenyewe, mara ya kwanza kabisa hakukagua, leso ya karatasi ikachanikia mle ndani, sare zote tano zikatoka zimeota manyoya, Leanne akaenda nazo wodini hivyo hivyo na mgonjwa mmoja akamuuliza kama kwao wanafuga kondoo, tangu siku hiyo anakagua, na leo mna kalamu isiyo na kofia, na karatasi ya peremende ya mnanaa imekunjwa mara nne, hiyo ni ya yule mzee wa kitanda cha dirishani, humpa Leanne peremende moja kila akichomwa sindano, Noreen hajawahi kumwona na anajua yu hai kwa sababu karatasi zinaendelea kuja, na hivyo ndivyo anavyomjua hata binti yake, si kwa kuambiwa, mtoto haambii mtu kitu, Vipi kazini, Sawa tu, na mazungumzo yamekatwa mkia, lakini sare inasema, wiki ya zamu za usiku kola inanuka kahawa, wiki ya mkubwa wao kuwa likizo mifuko imejaa makaratasi ya chokoleti, wiki ambayo mtu amekufa mikononi mwake pindo lina alama nyeupe za chumvi pale alipofutia uso, hayo Noreen anayasoma hapa mbele ya mashine, anayafua, anapiga pasi, anakunja, na Jumamosi akija anampa kipande kikubwa cha keki bila kusema ni kwa nini, na Leanne anasema Mama, leo vipi, umekuwa mkarimu, na yeye anasema kula, inachacha. Halafu ule mwaka wa ugonjwa, hakuna aliyeingia nyumba ya mwenzie, mfuko ulikuwa unaachwa kizingitini, Leanne kule langoni na barakoa usoni, Noreen huku dirishani, wanapigiana kelele kama wachuuzi, Umekula? Nimekula! Umelala? Nimelala! uongo mtupu wote wawili, na mfuko akiuingiza ndani akitia nguo kwenye mashine alikuwa anavuta kiti, hapana, siku nyingine hata kiti hakuvuta, alikaa sakafuni na goti lake bovu akaitazama inavyozunguka, ile bluu inapita kwenye kioo, inapotea, inapita tena, kwa sababu huko ndiko alikoweza kumfikia, na kama angetokea mtu akamkuta pale chini angesema anatafuta soksi.

"Nilianza wodi hii mwaka gani, unakumbuka?" "Mwaka uliopoteza mwavuli wangu," "Mama," "Ule wa mpini wa mbao," "Mama, taksi inakuja," "Elfu mbili na nane, mwezi wa tisa, mvua," na Leanne akaandika bila mvua, "Haidhuru, wanakubali minne tu," "Minne nini?" "Miaka, unaweza kudai miaka minne nyuma, iliyobaki imepotea," "Imepotea vipi na mimi niliifua?" "Imepotea kwa kudai, Mama, huwezi kuidai tena," na akasema hivyo akakata kipande kingine cha biskuti akakiacha... miaka kumi na mitatu haidaiwi, basi, na ya kwake mwenyewe je, miaka ishirini na miwili kwenye kiwanda cha kukausha samaki kwa moshi, aproni nyeupe zilizokuwa zinasimama zenyewe kwa magamba, alizifua kwa siki na chumvi, Ken mumewe akisema Noreen, mke wangu, nakupenda lakini nitalala kochini mpaka hizo aproni zikauke, na hakuna aliyekuja mlangoni na fomu, hakuna aliyesema bibi, serikali inashukuru, na hata wangekuja, kama kweli kuna dirisha mahali unakwenda unadai ulichofua, asingedai sabuni, angesema nipeni Jumamosi moja, yoyote, hata ile tuliyogombana kwa sababu ya yule mwanamume wake wa masharubu, nipeni ile, mfuko uko mlangoni na mtoto amenuna na amekula sahani mbili... "Mama, unazungumza?" "Naimba." "Hujawahi kuimba maisha yako." "Ndiyo maana hukuitambua."

Na mashine bado iko wazi, inanuka unyevu na lile ua la bandia wanalotia kwenye sabuni siku hizi, na Leanne anasema bila kuangalia, "Kama ni programu ndefu weka ile fupi, Bev anakuja saa kumi na moja, lazima airudishe leo, vinginevyo watanikata mshahara," na Noreen anasema naam, naam, anasogeza uzito kutoka goti bovu kwenda goti zima, mwambie basi, fungua mdomo umwambie, mwanangu leo siwezi kufua, lakini ataambiwa nini, mtu aliyesoma, anayejua majina ya mifupa yote, alishawahi kumwambia zamani, juu juu, kwamba bibi zake katika ile mitaa ya kando ya bandari walikuwa hawafui siku meli inayowachukua waume zao inapoondoka, hufui shati, hufui leso, hufui hata kitambaa cha vyombo, ukifua maji yanamchukua, na humsindikizi mpaka gatini, na dirishani humpungii mkono, unamwacha atoke kama anayekwenda kununua gazeti, na Leanne alikuwa na miaka kumi na tano akacheka mpaka maziwa yakamtoka puani, Mama, kwa hiyo siku hizo mlinuka kwa ajili ya usalama, na Noreen akacheka naye, kwa nini asicheke, hakumwambia iliyobaki, hakuna aliyeambiwa iliyobaki, Ken hakuambiwa, na Ken mwenyewe Noreen alimchagua kwa macho makavu kabisa, dereva wa lori, mtu wa barabarani, ukilowa unalowa kwa mvua, na Ken akafa kitandani mwake na soksi miguuni kama mtu mwenye adabu, na kila alipotoka na lori asubuhi Noreen alingoja mpaka kesho yake ndipo aguse beseni, Ken akidhani mkewe ni mvivu wa Jumatatu, siku ya kufua ya mtaa mzima, na wacha adhani, mwanamume kudhani mkewe ni mvivu hakumuui.

Iliyobaki ni wino. Noreen alikuwa na miaka kumi na mmoja, baba yake, Wilf, mvuvi wa melini, alikuwa amekaa nyumbani siku tatu, zilikuwa siku tatu zile zile kila baada ya wiki tatu, nyama mezani, taksi kwenda mwisho wa barabara tu ambako hata kuku angefika kwa miguu, chokoleti ya boksi lenye utepe kwa mke, na alfajiri ya siku ya nne ameondoka na maji kujaa, Noreen alisikia viatu kwenye ngazi, mlango, basi, hakuamka, ilikuwa ni vibaya kuamka, na mchana shuleni yule msichana wa dawati la nyuma, Sheila nani sijui, mwenye meno, akapindua kidau cha wino, na wino ukashuka mbele ya blauzi nyeupe, blauzi moja, hakukuwa na ya pili, na kesho yake mpiga picha anakuja shuleni, alilia njia nzima, aliingia jikoni analia, na mama yake Ada akaitazama blauzi akasema, haifuliwi leo. Kesho picha, Mama. Haifuliwi leo, baba yako katoka asubuhi, unajua vizuri. Nitakuwa mimi peke yangu mwenye wino, watanicheka mpaka nizeeke, picha haifutiki, Mama, picha ni ya daima. Alisema hivyo, picha ni ya daima, mtoto wa miaka kumi na mmoja, alilisikia wapi neno hilo, halafu akakaa mezani akatoa daftari la hesabu na kujifanya anafanya hesabu, kichwa chini, anavuta kamasi kwa sauti ili asikike, na Ada amesimama karibu na sinki na blauzi mkononi, muda mrefu, muda mrefu sana, na Noreen hakuinua uso kwa sababu alijua akiinua uso atashindwa, hesabu ya saba kwa tisa ameiandika mara nne, sitini na tatu, sitini na tatu, na hatimaye akasikia bomba likifunguliwa.

"Wanataka namba ya bima ya taifa," anasema Leanne, "hii hapa, ninayo, nilidhani sina," na anaisoma taratibu herufi kwa herufi... na Ada alivuta pazia mchana kweupe, akaianika mbele ya moto kwenye mgongo wa kiti isionekane uchochoroni, lakini Bi. Pashby wa mlango wa pili alikuja kurudisha kikombe cha sukari, mwanamke yule alikuwa na macho mawili na yote mawili yalikuwa ya watu wengine, akaiona, akatazama blauzi, akatazama kalenda ukutani, akaweka kikombe. Picha ikapigwa. Siku ya kumi na moja mzee wa misheni ya wavuvi akaonekana mwanzo wa mtaa na kofia mkononi, wanawake wote wakatoka wakasimama milangoni kuona atasimama wapi, kila anayepitwa anashika fremu ya mlango, na yeye akapita kwa Bi. Pashby akaja kwao, wimbi, alisema, kaskazini ya Aisilandi, lilipanda sitahani likamzoa Wilf akiwa anapasua samaki, Wilf peke yake, wengine wote kumi na tisa walibaki wamesimama, na hilo neno peke yake Noreen alilibeba kichwani miaka mingi, maji yalichagua, na jioni nyumba imejaa watu na vikombe vya kuazima, yeye amekaa chini ya ngazi kwenye makoti, akamsikia Bi. Pashby akimwambia mtu, si kwa sauti ya ubaya, hapana, kwa sauti ya huruma, ile huruma inayokata, watu wengine siku moja tu hawawezi kungoja.

...na picha yenyewe iko kwenye sanduku jekundu pale mlangoni, kati ya sweta na dawa za kuzuia mbu, jana Leanne aliitoa kwenye droo ilikolazwa kifudifudi, akasema Mama hii naomba, ndiyo picha pekee unayocheka, na Noreen akasema chukua, ilikuwa inajaza droo bure, kola nyeupe kama karatasi, meno yote nje, kasichana kalikoshinda, inakwenda Australia kuwekwa juu ya friji... "Huji stesheni kweli?" "Sendi." "Hata kizingitini?" "Nina goti." "Goti halikukuzuia kwenda bingo jana," "Bingo wana viti," na Leanne akafuta uso kwa mkono wa sweta, Noreen anakujua kufuta huko, ni kule kwa pindo lenye chumvi, halafu akasema taratibu, "Miaka miwili tu, Mama, mkataba ni wa miaka miwili," hata Wilf ilikuwa wiki tatu tu.

Na sasa inamjia kitu kingine, hakikuitwa, kinaingia tu kwa mlango wa nyuma na viatu vya matope, Jumatatu baada ya misa ya Wilf, misa isiyo na jeneza, Noreen alikuwa ameificha ile blauzi, ameisokota ameisukuma nyuma ya makaa ya mawe, shuleni kaenda na sweta iliyofungwa mpaka kooni, na Ada akaitafuta, hakuuliza iko wapi, akaitafuta chumba kwa chumba akaipata, nyeusi tititi, akaifua, mbele ya macho ya mtaa, mlango wa uani uko wazi, aliifua kwa mkono kwenye ubao huku viwiko vinapanda na kushuka, akaitoa nje akaianika kwenye kamba inayovuka uchochoro, katikati kabisa, peke yake, vibanio viwili, kila aliyepita aliinama chini yake, Bi. Pashby aliinama chini yake, na asubuhi ikapigwa pasi ikawekwa kitandani na Ada akasema neno moja, vaa. Noreen akavaa. Miaka sitini na mitatu ameamini ile ilikuwa adhabu, mama yangu alinivisha kosa langu nitembee nalo mtaani, na hakumsamehe, hapana, si kweli, alimsamehe, alikuwa na haki, lakini hakumkaribia tena, alipokuwa akifa hospitalini alimshika mkono kama unavyoshika mkono wa mtu kwenye basi likipinda kona... na leo amesimama yeye, nguo iko mkononi mwake, mtoto yuko mezani kichwa chini, shingo wazi, hainui uso, hajui anaombwa nini wala anaomba nini, kidole kinagonga kioo, sitini na tatu, sitini na tatu, na kutoka hapa, kutoka upande huu wa sinki, hakuna blauzi. Kutoka hapa unaona shingo tu. Kwa hiyo Ada alisimama hivi. Aliijua sheria ile kuliko Bi. Pashby, alizaliwa nayo, mume wake yuko majini, na akaitazama shingo ya aliyeko mbele yake, akafungua bomba, hakusahau, hakupitiwa, alichagua, na wakati maji yalipofanya yaliyofanya aliitoa blauzi ile ile kwenye makaa akaianika juu ya vichwa vyao wote na kusema vaa, na mtoto akasikia adhabu, mtoto mjinga wewe, alikuwa anakwambia si wewe. Si wewe. Alikuwa hana maneno mengi, Ada, alikuwa na sabuni.

Laiti angemshika ule mkono vizuri.

"Imebaki moja," anasema Leanne, na sauti yake imeshuka, "nathibitisha kwamba yote niliyoyasema ni ya kweli... maandishi yenyewe madogo haya, wanaandikia sisimizi..." kidole gumba kimeinuka juu ya kioo, hakijashuka, anasoma, midomo inacheza, nje hakuna gari bado, mvua inagonga pipa la takataka, na Noreen anaitazama ile sare, pindo safi leo, hakulia kazini siku ya mwisho, au alifutia uso mahali pengine, na anajiuliza anaamini au haamini, na jibu ni kwamba haamini, ni upuuzi, maji hayajui nguo ya nani, na kufua hafui, hata umlipe, hata waje na fomu ya dhahabu, kuna mambo hujui kama unayaamini ila mkono wako unajua, basi mkono haufui, lakini... lakini hebu ngoja... kina Bi. Pashby wote wale, na midomo yao yote ile, walisema anayebaki asifue. Anayebaki. Hakuna aliyesema neno juu ya anayeondoka, hakuna hata mmoja, wanaume hawakuwahi kufua hata soksi kwa hiyo hakuna aliyefikiri kumkataza anayekwenda mwenyewe, tundu hilo walilisahau wazi, na lingekuwa kweli, lile la kwenye fomu, sare unaifua mwenyewe, ndiyo, mara moja katika miaka kumi na saba lakini ndiyo, na si kwenye mashine, kwenye sinki, kwa mkono, dakika kumi, hajui kola inavyosuguliwa, ataonyeshwa, itabidi asimame hapa karibu, bega kwa bega, hakuna njia nyingine ya kuonyeshwa, mikono yake itanuka sabuni ya nyumba hii mpaka ndani ya ndege, mpaka Singapuri, na Noreen atashika taulo tu, atashika taulo na kutazama ile shingo, na taksi ikipiga honi itapiga, dereva ana redio. "Leanne." "Mm." Hajainua uso. Mlango wa mashine bado uko wazi, chai haijamiminwa, biskuti iko vile vile, kidole kiko hewani juu ya kioo, sare iko mkononi mwa Noreen, ila mkono umenyooka sasa, unaelekea mezani.

"Usibonyeze bado, mwanangu. Njoo kwanza iwe kweli."